Kabla ya Kutoboa Paa la Gari

Mpwa wangu alinijia mwezi uliopita baada ya sala ya isha. Hakuja kutaka shauri, alikuja kutaka mkopo. Alikuwa amenunua matatu kuukuu, Toyota Hiace ya paa refu, akang'oa viti vyote vya nyuma, akatia kitanda cha mbao, kabati la vyombo, jiko dogo la gesi na pipa la maji. Nia yake ilikuwa njema. Ana jamaa zake Taveta, na kila mwaka hupenda kuwapeleka huko mkewe, watoto wake wawili wadogo na mamake, ambaye ni dada yangu mkubwa. Kwa kuwa vyumba vya kulala wageni ni ghali kwa watu watano, amejifanyia nyumba ya magurudumu. Njiani watalala Mwatate siku mbili tatu, chini ya milima ya Taita, kisha waendelee na safari. Wanawake na watoto watalala kitandani, yeye atajinyoosha kwenye viti vya mbele.

Lakini fundi amemwambia kwamba gari halijakamilika. Ati bado kiyoyozi juu ya paa, na jenereta ya kukiendesha. Bila ya hivyo watu wataokwa humo ndani kama mikate tanurini. Fedha aliyoitaja ilinifanya niweke chini kikombe cha kahawa.

Nikamwuliza, "Umewahi kulala Mwatate katika gari hilo, hata usiku mmoja?"

"La, mjomba."

"Basi wajuaje kuwa hulaliki?"

Akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mama ana presha, joto humwelemea. Na hata kama si joto, siwezi kuwalaza mamangu na mke wangu kando ya barabara, madirisha wazi, kila apitaye achungulie."

Maneno hayo sikuyadharau, wala msomaji asiyadharau. Joto na sitara ndiyo mambo mawili ambayo kila mjenzi wa nyumba katika pwani yetu ameyafikiria kwa karne nyingi. Kosa la mpwa wangu halikuwa katika haja yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba haja hiyo ina dawa moja tu, nayo huuzwa dukani.

Naandika haya kwa sababu si yeye peke yake. Magari ya kulala yanazidi katika barabara zetu. Yako ya watalii wanaokwenda Tsavo, yako ya vijana wetu wanaotembea, na yako ya jamaa wanaokwenda harusini na matangani mbali na nyumbani. Na kabla ya hao wote walikuwako, na bado wako, madereva wa malori na utingo wao, ambao gari ndilo chumba chao cha kulala mwaka mzima. Wote hawa wanaulizana swali hilohilo la joto. Maoni yangu ni haya: kiyoyozi cha paani kiwe jambo la mwisho kufikiriwa, wala si la kwanza. Mbele yake kuna kivuli, kuna upepo, kuna maji, na kuna kuchagua mahali pa kusimama.

GARI SI NYUMBA YA MAWE

Kwanza niwaase wale wanaopenda kusifu mambo ya kale bila ya kuyapima. Wako watakaosema, "Tazama nyumba za Lamu, zilikuwa baridi bila ya umeme." Ni kweli. Lakini ubaridi wa nyumba ya Lamu hutokana kwa sehemu kubwa na unene wa kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ule hunywa joto polepole mchana kutwa, na jua linapokuwa linatua, joto lenyewe bado halijafika ndani. Ongeza vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, na kiwanda cha katikati kinachovuta hewa, utaelewa kwa nini bibi zetu waliweza kukaa ndani mchana wa mwezi wa Machi.

Gari ni kinyume cha hayo yote. Ngozi yake ni bati jembamba. Jua likilipiga, joto huingia papo hapo, na kioo cha mbele hulipitisha jua likaenda kukaa katika viti na sakafu. Unene wa Lamu hatuwezi kuubeba kwa magurudumu. Ila bati lina fadhila moja ambayo jiwe halina: jua likitua, hupoa upesi. Nyumba ya mawe huweza kuwa na fukuto mpaka usiku wa manane, lakini gari lililofunguliwa vizuri, katika mahali ambapo usiku wake ni wa baridi, hupoa katika muda mfupi.

Na Mwatate ni mahali pa namna hiyo. Mombasa iko usawa wa bahari. Voi iko kiasi cha mita 600 juu yake, na Mwatate zaidi ya mita 800. Mchana jua la nyika ni kali, hilo hakuna atakayelikataa, lakini hewa yake ni kavu, na usiku upepo hushuka kutoka milimani. Mtu wa Mombasa anapofika pale saa nane za mchana huona moto, akadhani na usiku utakuwa kama wa kwao. Haulingani.

HESABU YA SANDUKU

Sasa tulitazame sanduku lenyewe. Kiyoyozi cha kawaida cha kuwekwa juu ya gari la kulala, kile kinachouzwa kwa kipimo cha BTU 13,500, kina uzito wa kiasi cha kilo 40, na kinapofanya kazi hula umeme wa kiasi cha wati 1,500. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 ikiwa imejaa. Basi betri nzima haikiendeshi kiyoyozi hicho hata saa moja, na ikiwa ni betri ya kawaida ya risasi, ambayo huharibika ikikaushwa kabisa, basi ni nusu ya muda huo.

Ndiyo maana fundi alitaja jenereta. Jenereta ya kukiendesha hunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa, na pengine zaidi. Kutoka saa tatu za usiku mpaka alfajiri ni karibu lita nane, kwa usiku mmoja. Hapo sijataja kelele. Watu wa Mwatate ni watu wa kulala mapema na kuamka mapema, wengine kwenda shambani, wengine kwenda kazini katika shamba kubwa la mkonge. Mgeni aliyewasili jioni akaombewa mahali pa kusimama, kisha akanguruma usiku kucha penye madirisha ya watu, amelipaje wema huo? Haki ya jirani sisi tumefundishwa tangu chuoni, na aliyelala mita ishirini kutoka kwako ni jirani, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Na kuna hatari iliyo kubwa kuliko kelele. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Wako madereva wanaolala injini ikiunguruma ili wapate baridi, na wako wanaoweka jenereta chini ya dirisha. Atakayesahau kila neno katika makala haya, na alikumbuke hili moja: usilale katika gari lililofungwa huku injini au jenereta inawaka karibu nawe.

Sasa lipime pangaboi. Pangaboi dogo la volti 12 hula wati 30 hivi. Likizunguka saa nane za usiku limetumia wati-saa 240, na betri ile ile imebakiwa na nguvu za taa na za simu. Kibao kimoja cha sola cha wati 200 huirudisha nguvu hiyo kesho yake kabla ya adhuhuri. Ndiyo kusema kwamba chakula cha kiyoyozi kimoja chatosha kulisha mapangaboi hamsini.

KIVULI KWANZA

Lakini pangaboi peke yake halitoshi, kwa sababu pangaboi halipozi hewa, huisukuma tu. Ukilitia katika gari lililooka mchana kutwa, litakupulizia joto usoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulizuia joto lisiingie.

Zamani, magari ya Land Rover yaliyokuja huku kwetu, mengi yake yalikuwa na paa mbili. Juu ya paa la kawaida palikuwa na bati la pili, na kati yake nafasi ya hewa. Jua lilichoma bati la juu, upepo ukapita katikati ukalichukua lile joto, na paa la chini likabaki katika kivuli. Hakuna injini, hakuna waya, hakuna cha kuharibika. Mpwa wangu aweza kufanya hivyo kwa ubao mwembamba au turubai jeupe lililotandazwa juu ya vyuma vya kubebea mizigo, likiachana na paa kwa upana wa kiganja. Na paneli ya sola yenyewe, ikifungwa juu juu namna hiyo, ni kivuli tosha kwa sehemu iliyo chini yake.

Kisha rangi. Paa jeupe hulirudisha jua, paa jeusi hulimeza. Kanzu zetu zinalijua jambo hili. Kisha kioo cha mbele: kizibwe kwa nje, si kwa ndani. Pazia la ndani hulizuia jua likiwa limekwisha ingia, lakini turubai la nje hulizuia likiwa bado mgeni mlangoni. Kisha turubai la ubavuni, upande wa magharibi, ambalo kwalo jamaa hupata baraza ya kukaa na kunywa chai, na gari likapata kupumua. Na mapishi yote yawe nje chini ya baraza hiyo. Kumfukuza mbu kwa jiko ndani ya chumba cha kulala, kisha kununua kiyoyozi cha kulifukuza joto la jiko, ni akili gani?

Mwishowe, kusimama. Gari lisimame chini ya mwembe au mgunga, na kioo chake cha mbele kielekee kule ambako jua la alasiri haliko.

UPEPO NA SITARA

Hapa ndipo pale mpwa wangu aliponishika. Madirisha wazi ni upepo, lakini pia ni macho ya watu. Je, tuchague hewa au heshima?

Wazee wetu hawakuchagua. Walitengeneza madirisha ya vibao vilivyoinamishwa, aliye ndani akapata upepo na kumwona apitaye, na apitaye asimwone aliye ndani. Ndugu zetu wa Ghuba walipandisha minara juu ya nyumba zao, badgir au barjeel, ikaudaka upepo ulioko juu na kuushusha chumbani, hata madirisha ya barabarani yakawa hayana haja ya kufunguliwa. Atakaye kuiona aende mtaa wa Al Fahidi, Dubai, ambako baadhi ya minara hiyo ingali imesimama. Hassan Fathy, mjenzi wa Misri aliyeishi kutoka 1900 mpaka 1989, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwakumbusha watu wa nchi za joto kwamba maarifa haya si ya kimaskini, ni elimu.

Siri ya mnara ni nyepesi: hewa ya moto hupanda juu. Ukiipa njia ya kutokea juu, hewa ya baridi itaingia chini bila ya kuitwa. Na hili gari laweza kulifanya. Tundu la kiyoyozi katika paa, kwa kipimo kilichozoeleka, ni inchi 14 kwa 14. Ni tundu lile lile ambalo hutiwa pangaboi la paani lenye kifuniko cha mvua. Yaani, ukitoboa, toboa tundu hilo, lakini tia pangaboi la kutoa hewa. Kisha fanya matundu mawili madogo chini, karibu na sakafu, upande ulio na kivuli, yenye wavu wa waya wa kuzuia mbu na nyoka. Pangaboi linavuta joto kutokea juu, hewa iliyopoa chini ya gari inaingia pembeni mwa kitanda. Madirisha yote yamefungwa mapazia. Nani atachungulia? Mwizi naye hapati pa kutia mkono.

MAJI YA MTUNGI

Nimebakisha maji, na hapa nina kisa cha kuchekesha. Sisi watu wa pwani tumejaribu mara nyingi kutundika shuka mbichi dirishani, tukaona haisaidii kitu, tukasema ni upuzi. Si upuzi, ila tulijaribu mahali pasipofaa. Maji hupoza yanapokauka, na katika hewa iliyokwisha shiba unyevu hayakauki. Hewa yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 80, maji hayawezi kuishusha chini ya nyuzi 29. Lakini hewa ya nyuzi 32 hizo hizo ikiwa na unyevu wa asilimia 40, yaweza kushuka mpaka kiasi cha nyuzi 22. Ya kwanza ndiyo hewa ya Mombasa siku za fukuto. Ya pili ni hewa ya nyika, ya Maungu, Voi na Mwatate wakati wa kiangazi.

Kila lita moja ya maji inayokauka huchukua joto sawasawa na linalotolewa na pasi ya wati 670 kwa saa nzima. Jambo hili mtungi wa udongo uliwafundisha watu kabla ya kuwako vipimo. Mtungi hutoa jasho, na jasho lake ndilo ubaridi wake. Madereva wa zamani walitundika mifuko ya maji ya turubai mbele ya magari yao, upepo wa safari ukaipiga, wakafika wakiwa na maji baridi ya kunywa. Huko Bara Hindi watu walitundika mikeka ya mizizi ya khas madirishani wakairowesha, hata katika mabehewa ya gari moshi. Na Nigeria, mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, alichukua mtungi mdogo akautia ndani ya mkubwa, kati yake akajaza mchanga mbichi, na mboga za wakulima zikakaa siku nyingi bila ya kuoza. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000.

Basi msafiri wa Mwatate atundike gunia lililoroweshwa kwa nje ya tundu linaloingiza upepo. Katani za kushonea hata hana haja ya kuzitafuta mbali, yuko katika nchi ya mkonge. Lakini ashike masharti mawili. La kwanza, hewa iliyoingia lazima iwe na pa kutokea, ama sivyo chumba kitajaa unyevu, awe ameihamishia Mombasa Mwatate. Majira ya mvua pia aliache gunia lake. La pili, abebe maji yake mwenyewe. Sehemu za chini za Taita ni kame, na kina mama wengi huteka maji mbali. Tena tusisahau kwamba maji ya Mzima, yanayoletwa Mombasa kwa bomba, hutoka katika kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta. Si adabu kunywa maji ya watu kule kwetu, kisha tukaenda kwao tukamwaga yaliyobaki juu ya magunia. Madumu mawili kutoka nyumbani yanatosha. Israfu ya maji ni makruhu hata kando ya mto unaopita, sembuse nyikani.

MAHALI PA KUSIMAMA

Dawa ya mwisho haina bei. Nyumba ya magurudumu ina magurudumu. Mwenye nyumba ya mawe akipatwa na joto hana pa kwenda, lakini mwenye gari aweza kuihamisha nyumba yake. Kutoka Mwatate barabara inapanda mpaka Wundanyi, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo kati ya Voi na Wundanyi pana tofauti ya nyuzi tano au karibu yake, na hiyo ndiyo tofauti ya kulala bila ya shuka na kulala na blanketi. Anayelala Mwatate akaona kumezidi, apande.

Ila popote atakaposimama, aombe ruhusa, asimame katika ua wa watu au mahali palipotengwa. Nyika ile ina ndovu wanaotembea usiku, nao hawajali kama gari lako lina paa moja au mbili.

MAJARIBIO YETU

Nilimwambia mpwa wangu kwamba sitatoa hata senti mpaka tumelala Mwatate sisi wawili. Tukaenda. Tulisimama Mackinnon Road, pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali, kama desturi ya wasafiri wengi, tukafika Mwatate alasiri.

Usiku wa kwanza haukuwa mzuri, na nitasema kweli. Tulisimamisha gari kioo kikiwa magharibi, hatukukiziba, tukapika ndani kwa uvivu. Mpaka saa tatu na nusu za usiku tulikuwa tumekaa nje tukipepeana kwa vikapu vya mkonge tulivyonunua sokoni. Mpwa wangu hakusema kitu, lakini alinitazama kwa jicho la mtu anayehesabu fedha za kiyoyozi.

Siku ya pili tuligeuza gari, tukalisogeza chini ya mwembe kwa idhini ya mzee mwenye ua. Tukaazima turubai tukalifunga juu ya paa na mbele ya kioo, tukafungua kila kitu jua lilipotua, tukatundika gunia bichi, tukapika nje. Yule mzee alikuja kututazama. Aliwahi kuwa utingo wa malori ujana wake. Akacheka, akasema, "Jana niliwaona, nikasema wageni hawa wameliegesha kama wanaokausha samaki." Usiku ule tulilala mapazia yameshushwa. Karibu na alfajiri nilivuta shuka.

Sisemi kwamba kiyoyozi hakina kazi. Katika Mombasa, mwezi wa Februari au Machi, kaskazi inapokatika na hewa kusimama, pangaboi halimtoshi mgonjwa wala mtoto mchanga, na gunia bichi halisaidii kitu. Anayelala katika gari mahali hapo, na ana umeme wa nyumba wa kuchomeka, akipata kiyoyozi ni haki yake. Na hewa ikiwa na joto kuliko mwili wa mtu, pangaboi huongeza taabu. Mwenye presha asijaribiwe kwa ajili ya ubishi wa mjomba. Ndiyo maana tulikwenda sisi kwanza, na dada yangu akaja baadaye.

Lakini ninachokikataa ni ile tabia ya kuliona kila tatizo kuwa ni upungufu wa mashine. Kiyoyozi cha kwanza cha namna ya kisasa kilitengenezwa na Willis Carrier, Marekani, mwaka 1902, ili karatasi za kiwanda cha uchapaji zisiharibiwe na unyevu. Ni kazi ya akili kubwa, na aliyeifanya alianza kwa kuuliza: hewa hii ina nini, na shida yenyewe ni ipi? Sisi tunanunua sanduku lake lakini swali lake hatulinunui. Tungeuliza, tungeona kwamba shida ya Mombasa ni unyevu, na shida ya Mwatate ni jua la mchana, nayo jua dawa yake ni kivuli.

Mkopo nilimpa, lakini si ule aliouomba. Nilimpa wa pangaboi la paani, wavu wa waya, turubai na ndoo ya rangi nyeupe. Nikamwambia akitumia hivyo kwa mwaka mmoja, na mamake akaona taabu, aje tena, nitampa kilichobaki bila ya neno.

Wamekwenda Taveta na kurudi. Nilimwuliza dada yangu alilalaje Mwatate. Akanijibu kwa ukali wake wa siku zote, "Nyie wanaume mlisema mtanipa hewa. Mbona hamkuniambia nichukue blanketi?"